Kabla ya Kulipa Kiingilio, Hesabu Milango

Mashoga zetu, kila tunapotoka Unguja kwenda Karatu hatukosi kubeba vitu viwili: tende za wifi na majaketi ya watoto. Tende kwa sababu wifi anazipenda, majaketi kwa sababu baridi ya kule haina mzaha, hata Desemba. Kaka yetu anafanya kazi jikoni katika hoteli moja ya watalii, njia ya kwenda Ngorongoro. Ameoa huko huko, kwa Wairaqw. Skuli zikifungwa, sisi dada zake watatu tunapanda boti hadi Dar es Salaam, kisha basi la alfajiri, na watoto wetu sita, na vurugu zote mnazozijua za safari na watoto.

Safari yetu ya mwisho hatujamaliza hata siku mbili, gari la matangazo likapita mtaani. Spika juu, mabango ubavuni. Sarakasi na muziki wa jukwaani, uwanjani, kuanzia saa kumi alasiri. Wakubwa elfu tano, watoto elfu mbili. Watoto wetu walilikimbilia gari lile mpaka kona ya barabara, na waliporudi hapakuwa na mjadala tena. Wifi akasema, "Mawifi zangu, twendeni tu. Ni saa kumi, magharibi tutakuwa tumerudi."

Uwanja ulikuwa umezungushiwa mabati na maturubai. Mlango ulikuwa mmoja, wa kupita watu wawili wakibanana mabega. Saa kumi hatukuona msanii yeyote. Saa kumi na moja vijana walikuwa bado wanajaribu spika. Magharibi ikaingia, tukatoka kuswali kwa zamu kwenye nyumba ya jirani, wengine wakibaki na watoto. Sarakasi ilianza saa mbili na nusu usiku.

Tuseme haki: ilikuwa nzuri. Vijana walipandana mabegani mpaka yule wa juu akaonekana kama anagusa taa. Mmoja alipanga viti kimoja juu ya chupa, kingine juu ya kiti, akasimama kwa mikono miwili kule juu miguu ikitazama mbinguni. Mtoto wetu mdogo, wa miaka mitano, alisahau baridi na akasahau kuomba karanga. Hilo halijawahi kutokea.

Kisha ikafika zamu ya mwanamuziki. Wale waliokuja kwa ajili yake tu, ambao sarakasi hawakuwa na haja nayo, wote wakafika kwa pamoja. Na sisi wenye watoto, wote kwa pamoja, tukataka kutoka. Mlango ni ule ule mmoja. Wa nje wanasukuma kuingia, wa ndani tunasukuma kutoka, na nyuma yetu muziki umeshaanza. Kwa dakika kama kumi hivi miguu yetu haikuwa yetu. Tulikwenda tulikopelekwa. Yule mdogo alitolewa juu ya vichwa vya watu na kijana wa bodaboda tusiyemjua hata jina, Mungu amlipe kheri. Tulifika nje na viatu vya mguu mmoja mmoja, mtandio wa dada yetu umechanika, watoto wote sita tumewahesabu mara tatu.

Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyevunjika. Kwa hiyo haikuwa habari, na kesho yake gari la matangazo likapita tena.

Tulipompigia simu shangazi yetu Unguja kumsimulia, swali lake la kwanza lilikuwa: "Na nyinyi mlifuata nini huko usiku?" Tukanyamaza. Shangazi anatupenda, na swali lake si la ubaya. Lakini tumelifikiria swali lile tangu siku hiyo, na ndilo lililotufanya tukae chini kuandika haya. Kila linapotokea jambo penye mkusanyiko, swali la kwanza huulizwa mama: ulifuata nini, ulimwacha mtoto vipi, mbona usiku, mbona ulivaa vile. Swali la mlango haliulizwi. Nani aliuza tiketi nyingi kuliko nafasi? Nani alitangaza saa kumi akaanza saa mbili na nusu? Nani alizungusha mabati uwanja mzima akaacha tundu moja?

Maoni yetu ni haya, na tunayasema wazi. Sarakasi na muziki wa jukwaani si adui wa familia. Adui ni mlango mmoja na saa ya uongo. Na mama anayelipa kiingilio ana haki ya kuuliza juu ya vyote viwili kabla hajatoa pesa yake.

Tunasema si adui kwa sababu tunakijua tunachokisema. Sisi ni watu wa visiwani, maonyesho hatukuyasikia jana. Taarabu ya Nadi Ikhwan Safaa ina zaidi ya miaka 100, tangu 1905, na bibi zetu walikuwa na nafasi yao ya kukaa, wakatunza na kuimba bila ya mtu kuwasukuma. Sauti za Busara imekuwa ikikusanya watu Ngome Kongwe tangu 2004. Na sarakasi nayo ina historia yake katika nchi hii. Miaka ya 1960 serikali ilipeleka vijana China kujifunza fani hiyo, na waliporudi kikaundwa kikundi cha taifa. Leo matunda yanaonekana: Fadhili Ramadhani na Ibrahim Jobu, hawa wanaoitwa Ramadhani Brothers, mwaka 2024 walishinda America's Got Talent: Fantasy League huko Marekani, mmoja akimbeba mwenzake kichwa kwa kichwa. Kijana anayeweza kufanya hivyo hakuamka tu asubuhi akaweza. Ni miaka ya mazoezi, subira na kumwamini mwenzako asikuangushe. Hilo ni somo ambalo tungependa watoto wetu walione kwa macho.

Na mji kama Karatu una haja nalo kuliko miji mingi. Kaka yetu alituambia kitu kilichotuuma. Wasanii kama wale wa uwanjani huja hotelini kwao wakati wa chakula cha usiku, wakaonyesha nusu saa mbele ya wageni, wakapigiwa makofi, wakaondoka. Watoto wa wapishi na wa walinzi, walio mtaani kilomita chache tu kutoka hapo, hawajawahi kuwaona. Ndivyo ilivyo Karatu kwa mambo mengi. Magari ya watalii yanapita barabara kuu kutwa nzima kuelekea lango la Loduare. Wageni wanateremka bonde la Ngorongoro kuona simba na faru, na watoto wa mji wanapunga mikono barabarani. Mtoto wa mkulima wa vitunguu Mang'ola atamwona tembo akiharibu shamba kabla hajamwona tembo kama mtalii. Sasa likija onyesho moja mjini kwa mwaka, lile la kwake kweli, ndilo liwe la mlango mmoja?

Msidhani tunatia chumvi. Tunawakumbusha yaliyokwisha kutokea.

Sikukuu ya Idd el-Fitri mwaka 2008, tarehe 1 Oktoba, watoto wa Tabora walikwenda kwenye disko toto. Ukumbi ulijaa kupita kiasi, wakakosa hewa, wakakanyagana, na watoto wapatao 20 hawakurudi nyumbani. Fikirini nguo mpya za sikukuu. Fikirini mama aliyempa mwanawe pesa ya sikukuu kwa mkono wake, kama tunavyowapa sisi.

Tarehe 1 Februari 2020, Moshi, ambako ukitoka Karatu unapita Arusha tu na kuendelea mbele, ndugu zetu Wakristo walikuwa kwenye mkutano wa maombi uwanjani. Watu 20 walikufa katika msongamano wakati wa kutoka. Machi 2021, Dar es Salaam, watu 45 walikufa katika msongamano wa kumuaga Rais Magufuli katika Uwanja wa Uhuru. Usiku wa kuamkia 2023, Kampala, watu walikuwa kwenye tamasha la mwaka mpya, wakakimbilia kwenda kuona fataki, na wapatao 10 wakafa, wengi wao wadogo. Wala si jambo la nchi maskini tu: Novemba 2021, Houston huko Marekani, tamasha la muziki lilipoteza watu 10.

Tazameni orodha hiyo. Sikukuu, maombi, msiba, mwaka mpya, muziki. Nia za watu zilikuwa mbalimbali, saa mbalimbali, mavazi mbalimbali. Kilichofanana ni watu wengi kuliko nafasi. Basi hoja ya "mlifuata nini" inaishia hapo. Waliofuata maombi nao walikufa.

Tulijisomea ili tuelewe, na tuliyoyasoma tunawapa kwa lugha ya nyumbani. Watu wengi hudhani anayekufa kwenye msongamano amekanyagwa. Mara nyingi sivyo. Amebanwa kifua. Ili uvute pumzi, kifua kinahitaji nafasi ya kutanuka, na ukibanwa mbele na nyuma hakitanuki, hata kama umesimama wima. Chukua kanga moja, uikunje uitandaze sakafuni ipate mita moja kwa mita moja. Wakisimama watu wanne juu yake, bado kila mmoja anaweza kugeuka. Wakifika sita au saba, hakuna tena mwenye miguu yake. Mtu mmoja akisukuma nyuma, msukumo unatembea mpaka mbele kama wimbi. Aliye nyuma hajui kama mbele kuna mtoto. Hana nia mbaya, haoni tu. Na mtoto ndiye wa kwanza kukosa hewa, kwa sababu kifua chake kiko usawa wa viuno vya wakubwa.

Kwa hiyo kumwambia mtu "msisukumane" kwenye spika hakusaidii kitu. Kinachosaidia kimefanywa kabla: mlango wa kuingilia mbali na wa kutokea, hesabu ya tiketi inayokoma uwanja ukijaa, taa njiani, na ratiba inayotenganisha wanaotoka na wanaoingia.

Ni mambo ya gharama? Hapa waandaaji watatujibu kuwa biashara ya maonyesho ni ngumu, kiingilio ni kidogo, mabati na walinzi ni pesa. Tunawaelewa, nasi ni wafanyabiashara wadogo. Lakini kufungua mabati upande wa pili hakuhitaji mabati zaidi, kunahitaji mlinzi mmoja zaidi. Na onyesho likigawanywa, sarakasi saa kumi alasiri kwa ajili ya familia, watu watoke, uwanja usafishwe, kisha muziki usiku kwa wanaoutaka, muandaaji anauza tiketi mara mbili. Msanii anayelipwa vizuri mchana hatapungukiwa usiku. Sisi kina mama ndio tunaobeba watoto wanne wanne. Atuhesabu vizuri, ataona faida iko wapi.

Wala hili si jambo geni. Tulipokuwa wadogo, sikukuu ya Mnazi Mmoja ilikuwa ni uwanja wazi. Ukichoka, unatoka upande wowote. Watoto walianza kumiminika baada ya alasiri, na wadogo walikuwa nyumbani mapema wakihesabu chenji. Pemba nako watoto wanapajua Tibirinzi kwa sikukuu kuliko wanavyojua njia ya skuli. Karatu yenyewe ina mfano wake. Taasisi ya Filbert Bayi imekuwa ikiandaa tamasha mwezi Desemba katika viwanja vya Mazingira Bora: mbio, baiskeli, mpira, ngoma, kwaya. Mchana, wazi, watu wa mji wote. Bayi ni mwana wa Karatu, yule aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974. Mtoto anayesimama pembeni ya uwanja kama ule akamwona mtu wa kwao akifanya jambo kubwa, anarudi nyumbani akiwa na wazo. Hicho ndicho tunachokitaka kwa sarakasi na muziki: mtoto arudi nyumbani na wazo.

Sasa, baadhi yenu mtatuambia jibu ni jepesi, msiende kabisa. Tunawaheshimu wanaochagua hivyo, na katika nyumba zetu wenyewe wapo. Usiku wa makelele si mahali pa kila mtu, na sisi tunakiri kwamba saa mbili usiku tulipaswa kuondoka na watoto wetu, kiingilio kipotee. Hilo ni kosa letu na tumelibeba. Lakini "msiende" haimlindi mtoto wa jirani ambaye atakwenda. Haimlindi kijana wetu wa miaka kumi na tano ambaye ataruka ukuta tukimkataza. Mwenye dini asiyekwenda na asiye na habari na dini anayekwenda, wote wana haja ya uwanja wenye milango.

Wengine watasema ajali ni kadari. Ni kweli, hakuna lisilo katika elimu ya Mwenyezi Mungu. Lakini tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza ndipo tutawakali. Kuhesabu milango ni kumfunga ngamia.

Basi mashoga zetu, mkiwa Karatu, Unguja, Chake Chake, Tanga au popote gari la matangazo litakapopita, ulizeni haya kabla ya kutoa pesa:

Kwanza, linaanza saa ngapi kweli? Ulizeni waliokwenda onyesho la kabla yake, msimuulize mwenye spika.

Pili, milango ya kutokea ni mingapi na iko wapi? Zungukeni uwanja kwa miguu mchana. Mkiona mmoja tu, mmeshapata jibu.

Tatu, kuna upande wa watoto, au wa akina mama wenye watoto, ulio mbali na jukwaa na karibu na mlango? Kama haupo, ombeni. Wakiambiwa na wanawake ishirini, watakumbuka.

Nne, nani anahesabu watu? Kama hakuna anayejua idadi, hakuna atakayejua pamejaa.

Na mkiwa ndani, kaeni pembeni, msikae mbele ya jukwaa wala kwenye kona ya ukuta. Chagueni mahali pa kukutana mtu akipotea, na mtoto ajue namba ya simu kwa kichwa au iandikwe kwenye mkono wake. Ondokeni kabla ya mwanamuziki mkubwa hajapanda, si baada. Mkikutwa na msongamano, mtoto mbebeni juu kifuani, mikono yenu iwe mbele ya kifua kama bondia ili mpate nafasi ya kuvuta pumzi. Msishindane na msukumo. Nendeni nao, na ukipungua sogeeni kidogo kidogo kuelekea pembeni. Kiatu kikivuka, kiacheni. Msiiname. Kiatu kinanunuliwa.

Na kuna wa kuulizwa zaidi yetu. Kibali cha onyesho hupitia kwa watu: yuko afisa utamaduni wa wilaya, kuna polisi, kuna halmashauri yenye uwanja wake. Kwetu visiwani kuna BASSFU, bara kuna BASATA. Tunawaomba, kwa heshima zote, kwenye kibali kisiandikwe jina la msanii na tarehe tu. Iandikwe idadi ya watu, idadi ya milango, na saa ya kuanza. Muandaaji akichelewa saa nne, arudishe kiingilio cha watoto. Mwenye skuli hufungiwa akikosa vyoo. Mwenye uwanja naye aulizwe milango.

Wifi hakungoja tuandike. Wiki ile ile, sisi tukiwa bado hatujafunga mizigo, alikwenda na wanawake wenzake wa mtaani mpaka ofisini kwa anayehusika. Walikuwa saba, wawili wana watoto mgongoni. Hawakubeba barua. Walibeba viatu vitatu vya mguu mmoja mmoja vilivyookotwa mlangoni usiku ule, wakaviweka mezani, wakaeleza. Anasema waliombwa wakae, wakasikilizwa, na wakaambiwa onyesho lijalo wataitwa kuutazama uwanja kabla ya mabati kuzungushwa.

Hatujui kama ahadi itatimia. Wifi anasema wasipomwita atakwenda mwenyewe, na safari hii watakuwa zaidi ya saba. Desemba ikifika, Mwenyezi Mungu akitujaalia uhai, tutapanda boti tena na tende na majaketi. Gari likipita, watoto watalikimbilia, na yule mdogo bado anasimulia mtu aliyesimama juu ya viti. Tutampeleka akaone tena. Ila tutakwenda mchana kwanza, bila ya yeye, tuuzunguke uwanja.